Mkaguzi Asiyepewa Kahawa

Mjomba wangu alikuwa wakili, mimi nilikuwa wakili wake mdogo, na benki iliyotulisha ilikuwa na kanuni kali dhidi ya kupendelea jamaa. Naanza na hilo ili anayetaka kucheka acheke sasa hivi.

Ofisi yetu ilikuwa Ruwi, juu ya duka la mapazia. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya elfu mbili, Maskati nzima inajenga, na kila aliyeoa alitaka nyumba Hail, karibu na bahari, kwa mkopo. Benki haikutoa fedha mpaka wakili ahakikishe kwamba mulkiya, yaani hati ya nyumba, ni ya kweli, kwamba muuzaji ndiye mwenyewe, na kwamba hakuna mrithi aliyesahauliwa Unguja au Mombasa. Kisha wakili aende wizarani aone rahani ya benki imeandikwa kwenye ile hati. Wala si wakili yeyote tu. Benki ilikuwa na orodha yake. Ukiwemo, simu inalia kutwa. Ukitolewa, hailii. Tulikuwa watu watatu pale, mjomba, mimi na karani wetu, mama mmoja mjane mwenye watoto wa kusomesha, na riziki yetu karibu yote ilitoka kwenye orodha ile.

Mjomba alikuwa na njia zake za kubaki humo. Bima ya ofisi aliilipia kabla haijaisha, na akaipeleka risiti kabla haijaulizwa. Karani wa zamani alipoacha kazi, benki iliarifiwa kabla hata mke wa yule karani hajajua. Muuzaji akimrudishia mnunuzi fedha kidogo kwa siri ili bei ionekane kubwa, mjomba aliinua simu papo hapo. "Benki husamehe kosa," aliniambia, "lakini haisamehi kusikia habari kwa mtu mwengine." Benki ilipotaka kila ofisi iwe na kabati lisiloshika moto, tuliliagiza kutoka viwanda vya Rusayl, likaja kubwa kuliko mlango wetu. Mjomba akaamuru mlango ung'olewe. Kwa muda mrefu kidogo hati za watu zililindwa vizuri sana dhidi ya moto, na mwizi angeweza kuingia akiimba.

Matatizo yetu yalianzia kwenye uaminifu. Benki iliongeza sharti jipya: wakili aseme kama ana udugu na mnunuzi, muuzaji, au mtumishi wa benki anayeshughulikia mkopo. Ofisi nyingine ziliandika "hakuna" zikaendelea na maisha. Mjomba alivaa miwani. Watu wetu waliorudi kutoka Unguja na bara walioana, wakaachana, wakaoana tena, wakanyonyeshana watoto wakati wa shida, na mjomba aliyakumbuka yote. Aliandika binamu, mashemeji, mke wa zamani wa shemeji. Akaandika na ndugu wa kunyonya, kwa sababu kwetu mtoto aliyenyonya kwa mama yako ni ndugu yako, huwezi hata kumuoa. Benki ikapiga simu kuuliza maziwa yanahusiana vipi na nyumba ya Hail. Mjomba akawaeleza kwa kirefu, na naamini urefu ule ndio uliotuponza. Wakatangaza kwamba watamleta mkaguzi akae nasi wiki nzima.

Wakamchagua kwa akili. Alikuwa Mkenya, Mkristo, kijana mpole wa mashati yaliyopigwa pasi barabara, aliyekuwa na miezi michache tu Omani. Sifa yake kubwa machoni pa benki ni kwamba hakuwa na mtu. Katika mji mzima hakuwa na binamu hata mmoja wa kuandikwa.

Pamoja naye ilikuja barua: mtumishi wa benki asipewe kitu chochote, hata kinywaji. Mjomba aliisoma, akaibandika ukutani juu ya birika la kahawa. Hapo ndipo ofisi yetu ilipoingia taabuni. Mgeni hawezi kuingia kwetu asipewe kahawa na tende. Na kama hapewi, basi mwenyeji naye hawezi kunywa mbele yake, ni aibu isiyo na jina. Kwa hiyo mjomba aliamua kwamba hatanywa mtu. Hakuna kahawa, hakuna chai, hakuna andazi, hata maji tuliyanywea msalani kama wezi. Karani alikonda machoni pangu.

Yule kijana naye aliketi na mafaili yetu kutwa nzima, midomo imemkauka, hajagusa chakula. Tulimwona tukamstaajabia. Mimi nilidhani ni dini yake.

"Madam," aliniuliza siku moja, "hawa majamaa wote ni wa ukweli ama mliandika tu?"

"Ni wa kweli."

"Hata huyu wa maziwa?"

"Huyo ndiye wa kweli zaidi."

Akaandika. Alikuwa anaandika kila kitu, na kazi yake ilikuwa safi. Kufikia Alhamisi aliniambia kwa sauti ya chini kwamba hajaona kosa kwetu, na kwamba angependa mawakili wote wa orodha wawe hivi. Nilikwenda kwa karani nikamfinya mkono kwa furaha.

Adhuhuri ile, benki ikiwa imeshafungwa kwa mapumziko ya wiki, ambayo kwetu wakati huo yalikuwa Alhamisi mchana na Ijumaa, simu yake ya mkononi ililia. Alisikiliza, akasema "sawa, sawa," kisha akaiweka mezani taratibu na kuitazama. Baba yake alikuwa amefariki kijijini.

Mjomba aliinuka. Namkumbuka alivyosimama mbele ya birika, barua ya benki ikimtazama usoni. Karani akaja kusimama kando yake na kikombe mkononi, akakinyoosha. Mjomba akamimina.

"Kunywa, mwanangu," alimwambia. "Pole. Kila nafsi itaonja. Kunywa."

Kijana akanywa, machozi yakimtoka, kisha akaangalia vikombe vyetu ambavyo nasi tulikuwa tunavimaliza kwa pupa. "Nilidhani mko kwa mfungo, mzee," alisema. "Ndio nikakataa kula mbele yenu." Nilicheka kabla sijajizuia, naye akacheka na kulia kwa wakati mmoja, na karani akamletea andazi.

Mjomba hakuwa na muda wa kucheka. Aliuliza pasipoti iko wapi. Ilikuwa kwenye kabati la benki, zilikowekwa pasipoti za watumishi wote wa kigeni, na ufunguo alikuwa nao mtoto wa shangazi yangu, yule yule tuliyemwandika kwa uangalifu kuwa ni jamaa yetu ndani ya benki. Na siku hiyo alikuwa Qurayyat harusini.

"Rudi sasa hivi," mjomba alimwambia kwenye simu. "Kuna mtu kafiwa na baba yake na maiti inamngojea. Nnajua kuna harusi! Biharusi hatokimbia!"

Yule maskini akaivuka ile barabara ya milimani na kanzu yake ya harusi inanukia udi, akafungua kabati, akatoa pasipoti. Shemeji wa ofisi ya tikiti alipata kiti. Ndugu wa kunyonya ndiye aliyeendesha gari mpaka uwanja wa ndege Seeb. Jua lilikuwa halijatua na kijana ameshapanda. Mtu asiye na mtu Maskati alisafirishwa na karibu nusu ya watu tuliowaandika.

Aliporudi aliwasilisha ripoti yake. Aliandika kwamba mafaili yetu hayana dosari. Akaandika pia kwamba alipewa kahawa na andazi, na kwamba wakili alimtumia jamaa yake kufungua ofisi ya benki siku ya mapumziko, kwa faida ya mkaguzi mwenyewe. Benki ikatutoa kwenye orodha. Ofisi moja jirani, ambayo wakuu wa benki walikwenda shambani kwake kula mbuzi wa kuchoma kila walipojisikia, ilibaki. Kule hakupelekwa mkaguzi wa kuandika.

Nilikasirika. "Tumemsafirisha, mjomba, naye katuuza!"

"Hakutuuza. Kaandika kilichotokea. Asingeliandika, ingekuwa ukaguzi gani?"

Nilikuwa bado napiga kelele kijana mwenyewe alipotokea mlangoni. Alisimama hapo hapo, hakujua kama ana ruhusa ya kuingia. Mjomba hakumuuliza juu ya ripoti.

"Uliwahi?"

"Niliwahi, mzee." Aliinamisha kichwa. "Lakini kuna kitu sikuwaambia. Kwetu hatuziki siku hiyo hiyo. Mwili ulikaa mochwari karibu wiki mbili, watu wakipanga mazishi. Ningeweza kungoja benki ifunguliwe Jumamosi."

Haikuwa imetupitia akilini kwamba kuna watu duniani wasiozika kabla ya jua kuchwa. Tulikuwa tumeipoteza orodha kwa kukimbilia maziko ambayo hata jeneza lake lilikuwa halijaagizwa.

"Kwa nini hukusema?" nilimuuliza, na sauti yangu haikuwa nzuri.

"Nilitaka kusema. Halafu nikaona vile mnakimbia." Alijifuta uso kwa kiganja. "Tangu nije huku, hakuna mtu alikuwa amekimbia kwa sababu yangu. Nikashindwa kuwasimamisha."

Mjomba alivua miwani akaisafisha kwa muda mrefu kuliko uchafu uliokuwapo. Kisha akaibandua ile barua ukutani, akaikunja, akaiweka mfukoni.

"Ingia ndani," alisema. "Sasa hapana wa kutukataza."

Karani alileta vikombe vinne. Tukakaa, tukanywa, mgeni akapewa tende kwanza. Tulikaa mpaka alasiri, na simu haikulia.