Safari ya Kumuuliza Mbogo Alivyoanguka

Sikwenda Geita kufuata dhahabu. Nalisema mapema kwa sababu nilipokuwa naaga, nusu ya majirani walidhani nafuata dhahabu, na nusu nyingine walidhani nimegombana na mke wangu, Mama Shija. Nilikwenda kumuuliza mtu mmoja swali moja, na mtu mwenyewe alikuwa mpiga mieleka.

Walio vijana sasa hawajui mieleka ilivyotushika baada ya vita. Kulikuwa na mtu aliyerudi kutoka Burma, tukimwita Sajini, ingawa sidhani kama aliwahi kupata cheo hicho. Alikusanya wanaume wenye mabega, akawavisha kaptula za rangi, akawa anawazungusha kwa lori kutoka migodini hadi kwenye vituo vya pamba. Anasimika miti minne, anazungusha kamba, anamwaga mchanga katikati, anapiga debe tupu kwa fimbo, nasi tunalipa kuingia. Mimi ni fundi cherehani. Kaptula nyekundu ya Luhende, yule aliyeitwa Mbogo, niliishona mimi, na tangu siku hiyo nilijiona ndugu yake.

Kwetu hata ngoma haichezwi bila upande. Kuna Wagika na kuna Wagalu, wanacheza siku moja kwenye uwanja mmoja, na watu wakianza kumiminika kwa wenzako unajua umekwisha. Nyuma ya kila ngoma kuna mganga, na ile dawa ya kuvuta watu tunaiita samba. Basi mieleka nayo tuliipokea hivyohivyo. Mimi nilikuwa wa Mbogo. Jilala, jirani yangu niliyechunga naye ndama tangu utotoni, alikuwa wa Chuma, pande la mtu kutoka Tabora mwenye kaptula nyeusi.

Mbogo alikuwa hajawahi kulala chali hapa kwetu Kolandoto. Siku alipolala, alianguka vibaya, akabebwa amelishika bega, na kelele zikakatika. Asubuhi ile nilikuwa nimemwona Jilala amechuchumaa karibu na mti mmoja wa uwanja. Nikapaza sauti: "Jilala kafukia kitu!" Watu wakachimba, wakatoa kipande cha mzizi, ambacho ukichimba shamba la mtu yeyote utakipata. Kikawatosha. Wiki ileile watu waliacha kwenda kumsaidia kulima. Ng'ombe wa jirani akafa, ikasemwa ni yeye. Kiangazi kilichofuata Jilala alihamia Mwakitolyo na mkewe na ng'ombe wake, wala sikutoka nje kumuaga.

Hayo yalikuwa yamelala. Kisha mwaka huu tukasikia mke wa Jilala amefariki, na hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda msibani. Hata mimi. Mwezi uliofuata mchimbaji mmoja aliyekuja hospitali alikaa barazani kwangu akisubiri nimtilie kiraka suruali, akaniambia amewahi kufanya kazi na Mbogo kule Geita, mzima wa afya, anainua magogo kwa bega lilelile. Nikaacha kukanyaga cherehani. Kama bega halikuwa na kitu, nilikuwa nimemwondoa mtu kwao kwa sababu gani? Nilitaka Mbogo mwenyewe aniambie, nami nipate la kumpelekea Jilala.

Siku ya kwanza, Shinyanga. Nilifika stesheni na mfuko wa michembe, vile viazi vitamu vikavu, ambayo Mama Shija aliikausha mwenyewe, na blanketi. Treni ilichelewa tangu asubuhi hadi jua likageuka. Nilikaa juu ya mfuko wangu nikitazama wapagazi wamelala, nikajiuliza mtu wa miaka yangu anatafuta nini. Treni ilipokuja hapakuwa na pa kukaa, nikasimama hadi Malampaka.

Siku ya pili, Mwanza. Nilishuka miguu imevimba, viatu vikakataa kuvulika. Hapo niligundua jambo la kuchekesha: kila niliyemuuliza habari za mieleka alinijibu habari za mpira. Mzee mmoja muuza samaki tu ndiye aliyekumbuka. "Mbogo wa nyekundu?" akasema. "Hapa hakushinda hata siku moja. Sisi tulikuwa tunamcheka." Nilimbishia hadi sauti ikakauka. Yule Mbogo wangu, achekwe na wauza samaki! Kweli nilikasirika, na nilipokuwa napanda lori la kwenda kivukoni bado nilikuwa nasema peke yangu.

Ng'ambo ya maji, siku ya tatu. Lori la upande wa pili lilibeba mbao, na sisi juu ya mbao. Barabara ilikuwa vumbi jekundu lililoingia hadi kwenye michembe. Kulikuwa na Wahaya, Waha, Wanyamwezi, na kijana wa Kigoma aliyekuwa anakwenda kuandikwa kazi mgodini akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti nzuri mno. Nilitaka kulala nikashindwa.

Geita, saa nne asubuhi, siku ya nne. Mgodi unausikia kabla hujauona, mashine za kusaga mawe hazinyamazi. Nilikwenda moja kwa moja kwenye nyumba za wafanyakazi. Mama mmoja muuza togwa, Mama Zuhura, akanitazama toka juu hadi chini.

"Unamtafuta Mbogo? Umechelewa, baba. Aliacha kazi mvua iliyopita. Kaoa Mzinza, yuko Buseresere, analima."

"Buseresere ni mbali?"

"Kwa mwenye gari si mbali."

Akanimiminia togwa, nikanywa nimesimama, maana nilijua nikikaa sitainuka.

Buseresere, siku ya sita. Nusu ya njia nilipata lori la Biharamulo, nusu nilitembea. Niliulizia, nikaonyeshwa nyumba ya nyasi pembeni mwa shamba la mihogo. Mwanamke akatoka, akapiga magoti kidogo, akanipa shikamoo na kigoda. Kisha kutoka shambani akaja mtu mnene mwenye jembe begani. Bega lilelile.

"Mwangaluka," nikamsalimia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka. Wewe ni wa kwetu?"

"Wa Kolandoto. Mimi ndiye niliyekushonea kaptula nyekundu."

Akacheka hadi akaliweka jembe chini. "Wabeja, asante! Ile kaptula ilikuwa ngumu. Mke wangu alikuja kuikata akafanya kitambaa cha kushikia chungu." Akaita waandae ugali na samaki. Tulikula, na ilipoondolewa sahani nikamuuliza lile swali. Siku ile Kolandoto, ni nini kilimwangusha?

Mbogo akanitazama kama mtu anayeulizwa jua linatokea wapi.

"Ilikuwa zamu yangu," akasema.

Sikumwelewa, akanieleza taratibu. Wote walikuwa wakila chungu kimoja na kulala lori moja. Sajini ndiye aliyepanga nani aanguke wapi. Ishara ilikuwa debe: akilipiga mfululizo, Chuma anaanguka, akilipiga mara mbili akanyamaza, anaanguka Mbogo. Mwanza Mbogo alikuwa wa kushindwa tangu mwanzo. Kolandoto alikuwa wa kushinda, hadi Sajini alipoona watu wameanza kuzoea. "Akasema, watu wa huku wakiumia mwezi huu, mwezi ujao watajaa. Na kweli mlijaa."

"Na bega?"

"Bega nililishika tu. Chuma alinifundisha. Alikuwa fundi wa kuumia, yule."

Nilikumbuka lile debe. Nililisikia kwa masikio yangu, mara mbili, kimya, na kwa muda wote ule nilidhani linapigwa kututia moyo. Nikamweleza habari za Jilala, mzizi, na mke aliyezikwa na watu wachache. Mbogo hakucheka tena. Aliwatazama kuku wake.

"Ngosha," akasema, kama tunavyoitana wanaume wa kwetu, "sisi tulikuwa tunatafuta ugali. Hatukujua kama nyie mnayapeleka nyumbani."

Akanifungia mihogo mikavu ya njiani. Hakuwa mtu mbaya, na hilo lilinichosha zaidi, maana nilikuwa nimejiandaa kumkasirikia mtu. Nilirudi hadi Geita nikiwa na jibu langu, nikapata lori lililokuwa linaelekea Kahama, dereva akakubali kunishusha kwenye njia panda ya Mwakitolyo.

Mwakitolyo, siku ya tisa, mchana. Nilitembea toka njia panda jua likiwa utosini. Njiani nilipanga maneno ya kuomba msamaha, nikayapangua, nikayapanga upya. Jilala nilimkuta anaziba boma la ng'ombe kwa miiba. Amekonda, mvi zimemjaa. Aliniona toka mbali wala hakuacha kazi.

"Mwadila, Jilala."

"Mwadila, Baba Shija."

"Pole na msiba."

"Nimekwisha poa."

Akanipa maji, akaketi juu ya gogo. Hakuniuliza nimefuata nini. Nikamwambia nimetoka kwa Mbogo, na hapo mkono wake uliokuwa unachomoa miiba ukasimama.

"Mzima?"

"Mzima. Analima mihogo."

"Na bega?"

"Bega halikuwahi kuumia." Nikamweleza yote, zamu, debe, chungu kimoja. Nilisema haraka nisije nikashindwa. "Kwa hiyo nimekuja kukuomba msamaha. Nilikusingizia mbele ya watu."

Ng'ombe mmoja akaja akamnusa Jilala, naye akamsukuma.

"Hukunisingizia," akasema. "Nilifukia."

Nilidhani anatania.

"Nilifukia. Nilitoa dume zima kwa mganga wa Usumbwa. Mbogo wako alikuwa hashindwi, na wewe kila mwezi ulikuwa unakuja kwangu asubuhi kunicheka. Nilitaka siku moja uje umenuna, mimi nikucheke. Basi. Sikutaka mtu avunjike. Nilipoona kabebwa, nikajua nimemharibu."

Nikamwambia, kama anavyosikia, hakumharibu mtu. Dawa haikufanya kitu. Nilidhani atapumua. Badala yake uso wake ulikunjamana, akainuka, akasimama ameshika mti wa boma.

"Miaka yote hii nimekaa huku najua kosa langu. Watu walipoacha kuja kumzika mke wangu nilisema wana haki, nilimlemaza mtu. Nikavumilia kwa hilo. Sasa unakuja na vumbi lako kuniambia nimefukuzwa bure?"

Nililia, nami si mtu wa kulia. Yeye hakulia.

Alinilisha, akanipa pa kulala, na asubuhi akanisindikiza hadi njia panda amebeba mfuko wangu kama tunavyomfanyia mgeni. Huko nikamwomba arudi kwao.

"Kwa neno la nani?"

"Langu. Nitasema pale pale nilipolisemea lile la kwanza."

Akafikiri. "Kama utasema, sema yote. Kwamba nilifukia, na kwamba haikufanya kitu. Ukiwaambia sikufukia, nitarudi nikiwa mwongo, na hilo sitaki. Wakikuelewa, nitumie salamu. Nitakuja na ng'ombe wangu."

Kolandoto, siku ya kumi na moja. Ilikuwa siku ya kupima pamba, watu wamejaa kwenye mizani, palepale uwanja wa mieleka ulipokuwa. Sikupita nyumbani kwanza. Niliogopa kwamba nikikaa chini nitaahirisha, na nikiahirisha sitasema. Nikapanda juu ya gunia, nikawaita kwa majina, wakasogea, maana nilikuwa mwekundu kwa vumbi na macho yameniingia ndani.

Nilikuwa nimeyapanga maneno kwa utaratibu, toka mwanzo hadi mwisho, kama yalivyotokea. Hilo ndilo kosa langu la pili, nami ningekuwa mtu wa hapa kweli ningelijua. Nikaanza: "Nimetoka kwa Jilala. Ameniambia kwa kinywa chake kwamba siku ile alifukia dawa."

Kelele zilizopanda hazikuniacha nimalize. "Mnaona!" Wanawake wakapiga vigelegele, watu wakashikana mikono, mwenye ng'ombe aliyekufa akaketi chini akaanza kuhesabu upya mambo yake yote mabaya. Nilipaza sauti nikitaja zamu, nikitaja debe. Waliokuwa karibu walinitikisia kichwa kwa huruma. Mizani ikaanza kupima tena. Nilichojifunza ni kidogo kwa njia ndefu hivyo: neno nililolisema kwa hasira liliwafika wote kwa pumzi moja, na hili nililolifuata hadi Buseresere nimelazimika kuliandika, labda atatokea mtu atakayelisoma hadi mwisho.

Mzee Nkwabi, anayesimamia mizani, alikuja akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Ulisema kweli tangu siku ile, Baba Shija," akasema. "Wengine tulikuwa na shaka kidogo. Mungu akubariki kwa kutuondolea."

Nikamwambia asubiri, bado sijafika kwenye habari za Mbogo. Akaniambia nikapumzike, nimetoka mbali.