Kisanduku Kilichokwisha Kutiwa Alama

Noelene Haswell aliingia katika kazi ya kompyuta kwa mlango wa uani. Alipoajiriwa katika taasisi ya utafiti wa bahari mjini Hobart, Tasmania, alikuwa mchoraji: wanasayansi walimletea tarakimu, naye akawachorea ramani na chati kwa kalamu na wino. Kalamu zilipopitwa na wakati hakungoja kuonyeshwa mlango. Alijifunza kuandika programu akiwa na miaka thelathini na minne, na kwa kuwa jicho la mchoraji halikumtoka, akapewa kazi ambayo wenzake waliidharau: kutengeneza sura ya programu, yale madirisha, vitufe na visanduku anavyovigusa mtafiti huku hesabu zenyewe zikipikwa nyuma ya pazia.

Programu aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya kukadiria idadi ya kombe, wale viumbe wa baharini wenye magamba ya mistari ambao watu wa Tasmania huwatia ndani ya pai. Mtafiti aliingiza alichokihesabu chini ya bahari, programu ikamwambia wamo wangapi katika ghuba nzima, na kwa jibu hilo serikali ikaamua mashua zivue au zikae.

Mwanzoni programu iliuliza maswali kumi na moja kabla ya kujibu lolote.

"Noelene, hii programu au askari wa forodha?" Malcolm Tidey, mkuu wa idara, alimtania mbele ya watu wakati wa chai. "Imebaki kuniuliza jina la nyanya yangu tu."

Watu wakacheka. Noelene naye akacheka, lakini neno lile lilimchoma. Kwa wiki tatu akapunguza. Maswali manane aliyaondoa njiani, yakawa visanduku vidogo pembeni, kila kimoja kikiwa kimeshatiwa alama kwenye jibu la kawaida. Kimojawapo kilihusu chombo cha kuhesabia. Siku zile kila mtu alitumia wavu wa chuma unaokokotwa, na wavu huo hunasa kombe mmoja tu katika kila watatu. Kwa hiyo programu ilizidisha hesabu kwa tatu. Watafiti walimsifu mpaka akaona haya. Hakuwa amewahi kusifiwa hivyo tangu aache kalamu.

Miaka sita baadaye Dk. Fergus Oatway, mpole, mtu wa kuhakiki kila kitu mara mbili, aliipima Ghuba ya Marram kwa kamera. Kamera huwaona kombe wote. Programu ikasema wamejaa tele. Ghuba ikafunguliwa, mashua kumi na nne zikaingia, mojawapo ikiwa ya Darrel Quilty, mume wa Glenys, mdogo wake Noelene. Mwaka wa pili nyavu zilipanda na matope na magamba matupu.

Ijumaa moja Fergus akasimama mlangoni kwa Noelene, macho yamemwiva.

"Nimerudia hesabu mara nne, sioni nilipokosea. Alhamisi ijayo natakiwa niwaeleze wavuvi kosa langu, na mimi mwenyewe silijui."

Noelene akafungua faili la Fergus la Marram. Haikuchukua hata dakika mbili. Pale pembeni, kwa kijivu hafifu alichokichagua mwenyewe ili kisisumbue macho, palikuwa na kisanduku: *Wavu wa kukokota*. Kilikuwa na alama yake ya tangu siku ya kwanza. Kombe ambao kamera ilikwisha kuwahesabu wote, programu iliwazidisha kwa tatu.

"Niachie niangalie," alimwambia, akashindwa kumtazama usoni.

Alikwenda kwa Malcolm, akamweleza alichokiona.

"Hicho kisanduku kilikuwepo kwenye skrini?"

"Kilikuwepo."

"Basi. Mwenye macho haambiwi tazama. Kosa ni la mtumiaji."

"Malcolm, nilikificha."

"Ulikiweka pembeni, tena sisi ndio tuliokuomba. Usijitie kitanzi bure. Umebakiza miaka miwili ustaafu kwa heshima."

Na kusema kweli, alishawishika. Jumapili alikwenda kwa Glenys kama kawaida, akala nyama ya kondoo, akamsikiliza Darrel akimtukana "yule mtoto wa shule na kamera yake," naye akanyamaza.

Alhamisi, ukumbi wa Orsley, mji wa wavuvi wa Marram, ulijaa. Fergus alisimama mbele na karatasi yake.

"Mlihesabu kombe au nyota?" mtu mmoja akapaza sauti, wengine wakaguna.

Noelene akainuka kutoka safu ya nyuma. "Mwacheni. Sura ya ile programu ni kazi yangu. Ilipaswa kumuuliza amehesabu kwa chombo gani, wavu au kamera. Mimi nililiondoa swali, nikamjibia kabla hajaulizwa."

Fergus aligeuka akamkodolea macho, kama mtu aliyepigwa kofi na rafiki. Darrel akasimama polepole.

"Shemeji, ngoja nielewe. Ghuba nzima imekwisha kwa sababu ya alama ya tiki?"

"Ndiyo, Darrel."

"Na Jumapili, mezani kwangu, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Hakumtukana. Alichukua kofia yake akatoka, na Noelene angeona afadhali kama angetukanwa.

Ghuba ilifungwa miaka mitano. Darrel akaenda kulisha samaki kwenye vizimba vya watu. Fergus hakufukuzwa, ila alisema haiamini tena skrini yoyote, akahamia kufundisha. Glenys alipiga simu mara moja: "Jumapili usije kwanza. Nitakuambia." Hakumwambia.

Noelene alilirudisha swali katikati ya skrini, bila jibu lililotangulizwa. Asiyejibu haendi mbele. Kisha akawa anabeba kiti, anaketi nyuma ya watafiti wanapofanya kazi, kimya, akitazama mikono yao inakwenda wapi na macho yao yanaruka nini. Wengine walikereka.

"Programu yako inachosha sasa," mmoja alimwambia.

"Najua," alijibu, na hakubadilisha kitu.

Mwezi wake wa mwisho kazini, kamera ilishushwa tena Marram. Programu ilitoa idadi ndogo ya kombe, wote upande wa kusini. Noelene aliomba picha zenyewe, akaweka kidole kwenye kioo cha skrini, akaanza kuwahesabu kombe mmoja mmoja kwa macho yake.