Seva Tatu na Mama Mkwe

Nilipopewa kazi ya kufunga seva, kompyuta za kutunzia habari za wagonjwa, kwenye kliniki tatu za binafsi hapa kwetu, nilitembea Mpanda nzima kifua mbele. Seva kubwa ilikaa Shanwe, makao makuu. Kila kinachoandikwa pale kilinakiliwa na seva ya Makanyagio, na ya Kibaoni ikanakili kutoka Makanyagio, ili hata mtandao ukikatika muuguzi wa kule aweze kusoma habari za mgonjwa. Kazi yenyewe si ya ajabu, ila mimi niliisimulia kama vile nimejenga reli.

Kwenye mafunzo nikaona maneno ya kitaalamu yatawachosha. Nikawaambia, "Nyie chukulieni hivi. Shanwe ni bibi, Makanyagio ni mama, Kibaoni ni mjukuu. Bibi akisema, mama anasikia, na mjukuu naye anasikia."

Wakacheka, wakapiga makofi. Nikajiona mwalimu aliyechelewa kugunduliwa. Niliwaambia pia habari mpya ziandikwe kwenye seva ya Shanwe tu, kwa mtandao, maana kwenye mpangilio ule habari hushuka, hazipandi. Nilichosahau ni kuizuia seva ya Kibaoni isipokee maandishi. Miezi ikapita bila malalamiko, nami nikauchukulia ukimya kuwa sifa.

Kisha mama mkwe akaja kututembelea kutoka Kibaoni, kifua kikambana. Mke wangu akampeleka kliniki ya Shanwe, nami nikafuata. Kwa heshima ya ukwe ningebaki nyumbani, lakini nilitaka kuona mfumo wangu ukimhudumia mtu wa familia. Nikasimama mlangoni, macho chini, kiburi juu.

Muuguzi alikuwa ameshavuta dawa kwenye sindano mama mkwe aliposema, "Hiyo si penisilini? Hiyo inanikataa. Waliniandikia Kibaoni."

Muuguzi akatazama skrini. "Mama, hapa hakuna kitu." Akanigeukia mimi, fundi.

"Kingeandikwa, kingeonekana," nikajibu kwa upole wote wa mkwe, nikiitazama skrini. "Mfumo haudanganyi."

Yaani nilikuwa nimemwita mama mkwe mwongo, tena mbele ya watu.

Mke wangu alimwomba muuguzi asubiri, akapiga simu Kibaoni. Muuguzi wa kule akafungua kompyuta yake na kusoma kwa sauti: penisilini, asipewe, alivimba koo. Sindano ikawekwa kando.

Nikaichukua simu. "Kwa nini mliandika kwenye seva ya hapo? Si nilisema muandike Shanwe?"

"Mtandao ulikata, kaka, tukaandika kwa mjukuu," akasema. "Mjukuu si anamwambiaga bibi yake chochote? Huku kwetu wa kuogopwa ni mama. Bibi ni mtani wake."

Mimi mwenyewe nimelelewa na bibi. Nilimwita mchumba wangu, nilimtania meno yake, na siri zangu zote alizijua yeye kabla ya mama. Nilikuwa nimechukua familia ambayo kila mtu hapa anaijua, nikamfanya mjukuu kuwa bubu, halafu nikashangaa watu hawakunielewa. Kesho yake nikaenda Kibaoni, nikaizuia ile seva, nikakaa kutwa nzima nikihamisha kwa mkono habari za wagonjwa zilizokwama humo. Wauguzi waliniletea chai na hawakunicheka, jambo lililoniuma zaidi.

Mama mkwe alipona kwa dawa nyingine. Siku ya kuondoka nikaenda kumwomba radhi, nimesimama mbali kama inavyotakiwa. Hakunitazama. Alizungumza na binti yake.

"Muulize mwenzio. Ile siku kule Kibaoni nilipomeza vidonge vya penisilini vya dukani koo likavimba, aliyenikimbiza kliniki na pikipiki alikuwa nani?"

Nilikuwa mimi. Na pale Shanwe nilikuwa nimesimama hatua chache tu kutoka kwake, nikitazama skrini.