Kinu Kilichogawanywa kwa Haki

Baba na ndugu zake wawili walijenga kinu cha maji kwa pamoja, kwenye mteremko unaoshuka mtoni, chini ya njia ya kwenda Ekerenyo. Vita vya Wazungu vilikuwa vimekwisha majuzi tu. Baba mkubwa alileta mawe mawili ya kusagia, baba akachonga gurudumu, na baba mdogo akachimba mfereji uliochota maji juu mtoni na kuyaleta ubavuni mwa kilima hadi kinuni. Ardhi yenyewe ilikuwa ya wote watatu. Babu aliwaachia bila kuigawanya.

Kabla ya hapo mimi ndiye niliyekuwa kinu. Mama aliniamsha jogoo wa kwanza nisage wimbi kwa jiwe la mkono, na nilijua malengelenge kabla sijajua kuhesabu. Kinu kilipoanza kusaga, mama alilibeba jiwe lile akalitupa kwenye migomba nyuma ya nyumba. Akamwambia baba, "Sasa huyu hana kazi ya asubuhi. Aende misheni akasome."

Baba akakubali, nami nikaenda mbio kabla hajabadili nia. Nilisoma mwaka mmoja. Nilifika mahali pa kusoma mstari mzima bila kuufuata kwa kidole, na sijawahi kufurahi vile tena, hata siku ya kujifungua mwanangu wa kwanza.

Lakini penye wengi pana mengi. Wake wa ndugu watatu waligombania zamu. Jino la gurudumu likavunjika, kila ndugu akangoja mwenzake alitengeneze. Mwishowe baba mkubwa akasema, "Tugawane. Kila mtu akae kwake." Wazee wakaitwa.

Kwetu shamba hugawanywa kutoka kilimani hadi mtoni, ili kila mmoja apate pa kujenga juu, pa kulima katikati, na maji ya ng'ombe chini. Ni desturi nzuri. Wazee walivuta kamba ya katani, wakahesabu hatua, na baba mdogo alipolalamika kwamba aliyehesabu ana miguu mifupi, wakarudia tangu mwanzo. Wakapanda mikonge mpakani. Hakuna aliyepunjwa hata unyayo mmoja.

Mama alikuwa amesimama kando na wanawake wengine. Akauliza, "Na mfereji je?"

Mzee mmoja akamjibu kwa upole, "Mama, mfereji si shamba."

Wanaume wakacheka, na baba alicheka nao. Sijamsamehe kicheko kile.

Kwa maana mfereji ulikatiza vipande vyote vitatu. Baba mdogo alipata cha upande mto unakotoka, baba mkubwa cha katikati, na sisi cha mwisho, penye kinu. Haukupita mwezi, baba mdogo akapanda nduma, yale magimbi yapendayo maji, ndani ya mfereji. Alisema ni jasho lake na liko kwake. Baba mkubwa akafukia upande wake ili ng'ombe wasivunjike miguu, kisha akaja kuchukua mawe yake. Tukabaki na gurudumu zuri sana, kavu.

"Tata," nikamwambia baba, "si uende uwaambie?"

"Niwaambie nini? Kila mtu yuko kwake."

Nilimchukia siku ile. Baadaye niliona kwamba alikuwa amechoka tu, naye hakujua lolote la kusema ambalo wazee wasingelijibu kwa kamba ile ile.

Jioni mama alienda kwenye migomba. Jiwe lilikuwa limeota kuvu, nusu limezama udongoni. Alilichimbua kwa jembe, akalisugua kwa majivu, akalirudisha mahali pake karibu na mlango. Hakunitazama. Kesho yake sikwenda shule. Mwalimu alituma mtu kuuliza kama naumwa, na mama akajibu kwamba sina ugonjwa, nina kazi.

Nilisaga miaka sita. Herufi ziliniponyoka moja moja, na hizi ninazoandikia nilijifunza upya nikiwa na mvi.

Siku nilipofika kwa mume wangu, ng'ambo ya Ikonge, mama mkwe alinishika mikono, akaigeuza viganja juu, akapapasa sugu zangu kwa kidole gumba. Akawageukia wenzake akicheka kwa furaha. "Huyu," akasema, "amelelewa vizuri."