Pamba Ndani ya Kopo

Usiku ule nilikuwa nimekula viazi vya jana na chai kavu, kwa hiyo asije mtu akaniambia niliota kwa sababu ya shibe. Mvua ya Tukuyu ilinyesha tangu mchana, ndizi zangu zikalala sokoni bila mnunuzi, nami nikajifunika blanketi nikimuwaza Rehema.

Rehema ni binti anayeuza nyanya kwenye meza iliyo jirani na yangu. Sote wawili tunaishi na VVU, na hilo tulilijua siku tulipogongana kliniki, kila mmoja amejitanda khanga hadi puani. Siku hiyo nilimfundisha ujanja wangu: ukishapewa dawa, fungua kopo, shindilia pamba juu ya vidonge, halitalia tena ndani ya mkoba. Alinishukuru sana. Baadaye akaacha kuja kliniki, na ana mtoto anayenyonya. Nimekwenda kwake zaidi ya mara moja nimuulize kulikoni, lakini nyumba ile haikosi mawifi. Niliishia kuongea bei ya nyanya, nikarudi.

Basi nikasikia mfuniko wa sufuria ukilia jikoni. Nikajua ni dada yangu Bupe hata kabla sijamwona. Bupe alikufa kwa ugonjwa huu huu, dawa zikiwa bado hazijafika hospitali yetu. Enzi za uhai wake hakuna chungu alichokipita bila kukifunua. Mama alikuwa akisema huyu mtoto ipo siku atafunua hata sufuria za serikali.

Nilimkuta amechuchumaa na lile sweta lake la kijani. Hakuzeeka hata kidogo. Mimi ndiye mkubwa sasa, lakini nilimwamkia vilevile.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Siku hizi mnakula nini?"

Watu husema marehemu akikupa chakula ndotoni usipokee. Bupe hakunipa kitu, alitaka kujua tu: huu moto unawakaje bila kuni, kinu kimekwenda wapi, nani kaweka bati jipya. Anauliza na wala hangoji jibu. Mwisho mkono wake unazama ndani ya debe la maharage hadi kiwikoni, unatoka na kopo langu.

"Na hiki?"

"Dawa. Ya ule ugonjwa wetu."

Analigeuza, ananusa mfuniko, analitikisa sikioni kama mtu anayesikiliza kokwa la parachichi. Kimya.

"Inaponya?"

"Haiponyi. Ukimeza kila siku, unaishi."

"Hata ugali ni kila siku," anasema, na kucheka kidogo.

Nilitaka kumwambia pole, dada, zilikuja umeshaondoka. Badala yake nikalia mbele yake kama mtoto. Nilikuwa na hamu naye, na hata sasa ninapoandika bado ninayo.

Mara jikoni si jikoni tena. Tumekaa kwenye benchi la kliniki, na mbele yetu Rehema anaondoka, mtoto mgongoni, anaelekea getini katika mvua isiyomlowesha. Namwita, sauti haitoki. Natikisa kopo ili ageuke. Halilii. Natikisa kwa mikono miwili, na Rehema anazidi kwenda.

"Mbona umezinyamazisha?" Bupe anauliza. Hana hasira, anataka kujua tu, kama alivyouliza habari za kinu.

"Watu wasisikie."

"Na yule atasikiaje?"

Ananipokonya kopo, anachomoa pamba kwa vidole na kuitazama kwa karibu. Ndipo ninapoziona puani mwake, zile pamba tulizomwekea wenyewe siku ya kumwosha. Anakunja kiganja juu ya hii yangu.

"Pamba tuachieni sisi," akasema.

Niliamka kumekucha na mvua imekatika. Nilikwenda moja kwa moja kwenye debe la maharage. Nilitegemea kidogo kuikuta pamba haipo, ningekuwa na kisa kizuri zaidi cha kusimulia. Ilikuwepo, imeshindiliwa vilevile. Nikaichomoa mwenyewe, nikatikisa kopo, nikashtuka kwa sauti yake kubwa.

Nilimeza dawa yangu, nikatia kopo mfukoni, nikashuka njia ya kwa kina Rehema. Lililia njia nzima. Nilifika nikamkuta wifi yake akifagia uwanja. Akasimama, akautazama mfuko wangu. Mkono ulitaka kuushika ule mfuko, nikauzuia.

"Mama, una nini humo kinacholia hivyo?"

"Dawa zangu za VVU," nikamwambia, kwa sauti ya kufika hadi ndani. "Nakwenda kliniki. Njia ina utelezi, natafuta mtu wa kunisindikiza."

Wifi aliangalia chini, akashika ufagio wake bila kufagia. Nikasimama pale, nikalitikisa kopo kidogo.

Mlango ukafunguka. Rehema alikuwa ameshambeba mtoto mgongoni, anamalizia kufunga khanga.

"Twende, mama," akasema. "Nitakusindikiza mimi."