Hakuna Aliyempungia

Mimi si mtu wa kalamu. Shule niliishia darasa la nne, na walionikatisha nitawasema humu humu. Majina siandiki. Wenyewe watajijua, na Kisarawe nzima itawajua.

Baba yangu alikuwa rubani wa jeshi, enzi zile nchi ndiyo kwanza inajifunza kurusha ndege zake. Nyumbani walimcheka kwa jambo moja tu: alikuwa haogopi mawingu, anaogopa mnazi. Mtani wetu, Mnyamwezi aliyehamia kwetu, akimwona tu anapaza sauti, "Rubani, nishushie dafu!" Baba anamjibu, "Lete mnazi wenye injini."

Akija likizo ananiweka mabegani, na ilikuwa lazima niombe ruhusa.

"Mnara, naomba kuruka."

"Subiri, mama yako bado anafagia uwanja."

Hayo ndiyo niliyobaki nayo. Alikufa hajafika hata miaka thelathini.

Siku aliyoanguka, mimi na mama hatukuwepo Kisarawe. Nilikuwa naumwa surua, tuko Maili Moja, Kibaha, kwa bibi mzaa mama. Aliyetusindikiza mpaka mlangoni ni baba mkubwa, kaka yake baba. Hilo lishike. Na afande aliyeleta jeneza alimweleza baba mkubwa huyo huyo, mama akisikia, kwamba injini ilizima ndege ndiyo kwanza inaacha ardhi, huko mbali kambini.

Sasa kwetu Wazaramo, msibani mtani ana ruhusa yake. Anavaa nguo za marehemu, anatembea kama yeye, anamsema anavyotaka, na mfiwa akinuna yeye ndiye anaonekana mjinga. Mtani akavaa kofia ya baba, akatandaza mikono, akazunguka uwanja mzima akinguruma. "Mke kaanika kanga, jamaa kaiona kule juu, kashuka apungiwe, ndiyo chali!" Watu wakacheka. Mama naye akacheka huku analia, maana ndivyo inavyotakiwa.

Utani wa msibani watu wanauacha pale pale makaburini. Ule haukuachwa. Kufika arobaini, shangazi alikuwa anausimulia kisimani kama kitu alichokiona kwa macho yake. "Kanga ya yule mwanamke ndiyo iliyomuua kaka yangu." Wakimuuliza baba mkubwa anasema, "Mimi simo." Simo! Mtu aliyetupeleka Maili Moja kwa miguu yake! Angesema neno moja tu yangekwisha. Lakini angesema, nyumba ya bati ingebaki kwa mama, na mikorosho ingebaki kwangu. Akanyamaza, tukatolewa na godoro na sufuria. Mama akawa anachoma vitumbua Maili Moja, mimi nikaenda kumshikia fundi vyuma. Mpaka leo nachomelea mageti Mkuza.

Mama hakuolewa tena. Alikuwa na ombi moja: "Nikifa, nilaze karibu na baba yako."

Alifariki mwaka jana, alfajiri. Nikamwacha ndani anaoshwa, nikakimbilia Kisarawe kuomba nafasi. Nikawakuta barazani, baba mkubwa na wazee wenzake, mtani pembeni na fimbo yake.

"Shikamoo baba mkubwa."

"Marahaba mwanangu. Pole, tumesikia."

Nikasema shida yangu. Shangazi, meno yamekwisha lakini ulimi upo, akadakia kutoka kwenye mkeka, "Amuue, halafu alale naye?"

"Baba mkubwa," nikasema, "siku ile mimi na mama tulikuwa wapi?"

"Zamani hizo. Nani anakumbuka?"

"Mimi nakumbuka," akasema mtani, anajiinua kwa fimbo. "Kanga haikuwepo. Niliitunga mimi, hapo uwanjani, kofia ya marehemu kichwani. Huyu mtoto na mama yake ulikuwa umewapeleka Maili Moja wewe mwenyewe. Ulirudi na tumbaku niliyokuagiza."

Nikajua basi, mama kapata nafasi yake. Baba mkubwa akamwangalia mtani, akaangua kicheko. "Mtani huyu! Maiti haijazikwa, yeye kashaanza." Wazee wote wakacheka naye. Uongo wake wameumeza miaka yote hiyo, ukweli wake wakauchekea.

Sikuwa na muda wa kubishana. Mama tukamzika Kibaha jioni ile. Kwa upande wa baba alikuja mtani peke yake. Watu wakampisha njia, wanasubiri vituko vyake, yeye kasimama tu.

"Mtani," nikamwambia, "mtanie basi na mama."

Akatikisa kichwa. "Hapana. Wataniamini."

Akaomba chepe, akafukia mpaka wakamnyang'anya.

Baba yuko Kisarawe, mama yuko Kibaha. Na msimu huu, nasikia, mikorosho imezaa vizuri.