Kipande cha Mtutu Jikoni kwa Mama

Chuma kinachokatwa kwa msumeno kina harufu yake, inakaribiana na ya damu, nami niliijua nikiwa na miaka tisa, nyumbani kwetu Nambilanje. Baba alikuwa amelaza gobore juu ya kinu kilichopinduliwa, mimi nimeushika mtutu kwa mikono miwili usicheze. "Kaza, mama," aliniambia, nikakaza mpaka vidole vikafa ganzi. Mahindi ya mwaka ule yalikuwa yanaisha kwa nguruwe pori. Waliingia shambani alfajiri kundi zima, na yakiisha tungekula mizizi ya ming'oko mpaka msimu mwingine.

Gobore lenyewe halikuwa la baba. Lilikuwa la Mjomba, kaka yake mama, aliyekaa Mtua, naye alilirithi kwa mjomba wake, maana kwetu Wamwera vitu vya namna hiyo hufuata upande wa mama. Baba aliazimwa tu. Lakini mtutu mrefu ulimkwama kwenye vichaka, na wenzake walikuwa wamemjaza maneno kwamba bunduki fupi ndiyo kali. Akaukata bila kumuuliza mwenyewe. Kilitoka kipande cha urefu wa mkono wangu, kuanzia kiwiko mpaka vidole, nikakiokota kikiwa bado cha moto na kumpelekea mama. Alikisugua kwa majivu, na siku hiyo hiyo akaanza kukitumia kupulizia moto jikoni.

Jioni baba alilijaribu gobore kwa mti mkavu ukingoni mwa shamba. Mlio ulikuwa mkubwa kuliko wa zamani, moto ukaruka mdomoni mwa mtutu, kitako kikampiga bega akakaa chini. Aliinuka anacheka. Majirani walikuja kushangaa, na wote tukaamini kwamba kelele zile ndizo nguvu. Hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda kuutazama ule mti.

Siku tatu baadaye nguruwe waliingia kulipokucha. Kazi yetu ilikuwa na mpangilio wake: mama na mimi tulipiga madebe upande wa korongo kuwatoa, baba akawangoja kwenye kichuguu. Mama alijua pa kusimama na baba alijua pa kulenga, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyepata hata mchubuko. Dume moja kubwa likatoka, baba akapiga. Zamani golori, zile tufe za chuma alizoshindilia kama risasi, zilitoka mtutuni zikiwa pamoja mpaka zimfikie mnyama. Safari hii zilitawanyika palepale. Chache zilimpata mguuni, naye akamrukia baba na kumchana shavu la mguu, baba akageuza gobore na kumponda kichwa kwa kitako, akaendelea kuponda hata mnyama alipokwisha kufa, mimi nasikia mifupa inavunjika. Ndipo nikagundua kuwa debe la mama limenyamaza.

Alikuwa amekaa kwenye mahindi, kiganja usoni, damu inashuka mpaka kiwikoni. "Mwanangu, nitazame," alisema. "Jicho lipo?" Akaondoa kiganja. Nilitazama, na halikuwepo.

Mjomba alikuja na baiskeli kutoka Mtua siku mama alipotoka hospitali ya Ruangwa. Hakusalimia. Alimpiga baba kwa fimbo mbele yetu, mgongoni, kichwani, mdomoni, mpaka meno mawili ya mbele yakadondoka mchangani, na baba hakuinua mkono. Kisha akamwambia mama afungashe, anatuchukua yeye na mimi turudi kwao, na hapo hakuna ambaye angempinga, maana kwetu watoto nao ni wa upande wa mama. Akainua tena fimbo. Mama, kichwa kimefungwa bendeji, akasema taratibu, "Kaka, kama unampiga aliyekata, mpige na aliyeshika. Ni huyu mtoto. Anza naye."

Mjomba alinitazama. Akaiacha fimbo, akalichukua gobore lake bovu na kuondoka. Tukabaki na baba. Lakini mimi nilimchukia mama kwa maneno yale, miaka mingi, kwa sababu yalikuwa kweli.

Sasa mimi ni mwalimu huko Nachingwea, baba ameshazikwa, na nguruwe bado wanaingia mashambani. Vijana wakianza kusifia bunduki fupi wanazoziona kwenye simu, hasira hunipanda, nanyanyuka niwaache. Mama nilimnunulia jiko la gesi, analitumia wageni wakija tu. Mwezi uliopita nilimkuta kwenye mafiga na kile kipande, nikamwomba, kwa mara ya ngapi sijui, anipe nikakitupe.

"Kiache," alisema. "Hiki ndicho kingezikusanya zile golori. Siku ile kilikuwa huku jikoni, na wewe ndiye uliyekileta."

Akanishika mkono, akaninyooshea kile kipande niupulize moto mimi.